Nakala Isiyotii

Msimu wa pamba unapofunguliwa Lalago, wilayani Maswa mkoani Simiyu, macho ya watu wote huwa kwenye mizani. Ni haki yao, maana jasho la tangu Novemba linasomwa pale. Lakini kazi nzito kuliko ya mizani hufanywa na karatasi nyepesi ya kaboni, nyeusi upande mmoja, inayolala katikati ya kurasa za kitabu cha stakabadhi. Karani wa chama cha ushirika cha wakulima, AMCOS, huilaza sawasawa na ukurasa, huishika kona isiteleze, kisha huandika kwa kukandamiza kalamu: jina la mkulima, kilo, bei, jumla. Ukurasa wa juu huchanwa na kukabidhiwa mwenye pamba, wa chini hubaki kitabuni. Kukiwa na ukurasa wa tatu, huwa umefifia kiasi kwamba 3 na 8 hazitofautiani, na ubishi wa mwezi mzima unaweza kuzaliwa hapo. Vidole vya karani hubaki na weusi hadi jioni. Mkulima hukunja wake mara nne na kuutia kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto na vyeti vya shule.

Tangu kurasa hizo zinapochanwa, hazipashani habari tena. Karani akichukua kitabu usiku na kugeuza 214 kuwa 124, karatasi iliyo ndani ya mfuko kule kijijini haitabadilika. Haisikii, haifuati, haina adabu kwa ukurasa ulioizaa. Thamani yake yote imo katika ukaidi huo. Siku ya malipo, au siku ya ugomvi, mkulima huikunjua mezani nayo hushuhudia jambo lilelile ililoliona mara moja tu, siku ile ya mizani.

Usukuma umelijua jambo hili kwa gharama. Vuguvugu la ushirika wa pamba miaka ya 1950, lililomwinua Paul Bomani na kuzaa shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955, lilichochewa kwa sehemu kubwa na malalamiko ya wakulima kwamba wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Walichodai, kabla ya bei na kabla ya viwanda vya kuchambulia, ni jicho la pili. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Wakulima wangeweza kuongeza lao: daftari likiwa moja tu, na likiwa mkononi mwa mnunuzi, mali hupotea na habari zake zimeandikwa vizuri kabisa.

Hatua chache kutoka ghalani, kwenye meza za steshenari ambako watu huchapisha barua, hupiga picha za pasipoti na kujaza fomu za mtandaoni, nakala ni za namna nyingine. Hapa hakuna kaboni. Kuna flashi zilizopoteza vifuniko, kuna simu zenye vioo vilivyopasuka, na kuna lile wingu ambalo kila mtu ameambiwa lipo lakini hajui liko upande gani wa dunia. Tumchukue mwalimu wa taaluma, wa kubuni, lakini asiyekosekana katika shule yoyote. Ana folda ya matokeo ya mitihani. Kwa kuwa ni mwangalifu, ana pia folda iitwayo MATOKEO MAPYA, na nyingine iitwayo MATOKEO MAPYA KABISA. Kompyuta ya shule na simu yake zimeunganishwa kwenye akaunti moja, ili kinachoandikwa huku kionekane na kule. Anajiona ana nakala mbili, tena tatu ukihesabu wingu.

Siku moja simu inamwambia nafasi imejaa. Anafuta folda moja kubwa, moyo ukiwa mtulivu, kwa sababu ileile iko kwenye kompyuta. Asubuhi kompyuta ya shule inawashwa, inapata bando, inasoma orodha kutoka juu, inaona folda haimo, inaiondoa na kwake. Programu haikukosea hata herufi moja. Iliagizwa kuhakikisha pande zote zinafanana, nazo zimefanana: zote tupu.

Hapo ndipo wengi hujikuta wamelala wakidhani wamefunga mlango. Kusawazisha mafaili na kuweka akiba ya mafaili ni kazi mbili zinazovutana. Ya kwanza inapeleka mabadiliko kila mahali haraka iwezekanavyo, na kosa nalo ni badiliko. Ya pili inataka kuwe na mahali ambapo mabadiliko hayafiki. Aliye na mafaili yaleyale katika vifaa vitano vinavyotii akaunti moja ana faili moja lenye madirisha matano. Kampuni zinazouza huduma hizi zinalijua hilo, ndiyo maana zimeweka kapu la taka: Google Drive, kwa mfano, huhifadhi kilichofutwa kwa siku 30 kabla ya kukiondoa moja kwa moja. Siku 30 ni nyingi kwa anayejua kwamba amepoteza. Kwa mwalimu anayefungua matokeo ya muhula wa kwanza mwishoni mwa mwaka, ni kama hazikuwepo.

Na isidhaniwe kuwa hili ni balaa la wanaojifunza kompyuta. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi mmoja wa kampuni ya GitLab, wanakohifadhi kazi zao watengeneza programu wa dunia nzima, alikuwa akihangaika na hifadhidata mbili zilizoacha kusawazishwa. Moja ilikuwa ikitumika, ya pili ilikuwa nakala yake iliyobaki nyuma. Akaamua kuisafisha ile ya pili ili aanze upya. Akatoa amri ya kufuta, na baada ya sekunde chache akagundua kwamba yuko kwenye seva isiyo yenyewe. Alipoisimamisha, gigabaiti zipatazo 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Basi, zichukuliwe za akiba. Kampuni ilikuwa na njia tano za kuhifadhi na kunakili data, na usiku ule ikadhihirika kuwa hakuna hata moja iliyofanya kazi kama ilivyotarajiwa. Nakala zilizopaswa kupelekwa kila siku kwenye hifadhi ya mbali hazikuwepo. Programu ya kuzitengeneza ilikuwa toleo lisilolingana na hifadhidata, ikawa inashindwa kimyakimya. Barua pepe za kutoa tahadhari zilikuwa zikitumwa, ila mfumo wa kupokea ulizikataa.

Kilichoiokoa GitLab ni nakala ambayo mhandisi huyohuyo aliitengeneza kwa mkono saa sita hivi kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine kabisa ya majaribio. Haikuwa sehemu ya mpango wowote, wala hakuna mfumo uliokuwa ukiifuatilia au kuisahihisha. Ilikuwa imekaa pembeni, imepitwa na wakati, na kwa sababu imepitwa na wakati ilikuwa bado na kila kitu isipokuwa kazi ya saa zile sita. Waliopoteza walipoteza: miradi ipatayo 5,000, maoni yapatayo 5,000, akaunti mpya zipatazo 700. La kuheshimika ni kwamba kampuni haikuficha. Ilirusha kazi ya uokoaji mubashara kwenye YouTube, watu wakatazama asilimia zikipanda polepole, na baadaye ikaandika taarifa ndefu ya kila kilichoharibika. Ofisi ngapi za umma na binafsi katika Afrika Mashariki zingethubutu kufanya hivyo? Mfumo ukianguka kwetu, kauli iliyozoeleka dirishani ni kwamba mtandao unasumbua.

Maji yakimwagika hayazoleki. Hata hivyo flashi ya kawaida inaubishia msemo huo kwa namna ya ajabu. Nyingi hupangwa kwa mfumo uitwao FAT, na katika mfumo huo faili likifutwa, maandishi yake hayaguswi. Kinachofanyika ni kwamba herufi ya kwanza ya jina, katika orodha ya yaliyomo, inabadilishwa na kuwekwa alama ya kwamba nafasi hii iko wazi, na mlolongo unaoonyesha vipande vyake viko wapi unafutwa. MATOKEO inakuwa _ATOKEO. Alama zenyewe za wanafunzi, zile 67 na 34, zinaendelea kukaa palepale, kwenye nyumba ambayo namba yake ya mlangoni imeng'olewa. Zitakaa hivyo hadi mgeni mwingine atakapopewa nafasi hiyo, wimbo mmoja, picha mbili za harusi, na hapo ndipo zitakapofutika kweli. Kwa hiyo fundi mzuri, kabla hajauliza kilichopotea ni nini, huuliza: baada ya kufuta, umeandika kitu kingine humu? Anayekwenda kwake baada ya kujaribu programu nane za uokoaji, zote akizipakua ndani ya flashi ileile, anakuwa amemzika mgonjwa akimtafutia dawa.

Google ilitoa ushauri wa aina hiyohiyo mwishoni mwa mwaka 2023. Novemba mwaka ule watumiaji wa programu yake ya kompyuta ya Google Drive walianza kulalamika kwamba mafaili ya miezi kadhaa hayaonekani. Hifadhi yao ilikuwa imerudi nyuma kama kalenda iliyogeuzwa. Tatizo lilitokana na matoleo fulani ya programu hiyo ya kusawazisha. Neno la kwanza la kampuni kwa walioathirika lilikuwa la kuwatuliza mikono: msiitenganishe akaunti, msifute wala kuhamisha folda ya data ya programu. Yale ambayo hayakufika kwenye wingu yalikuwa bado yamejificha ndani ya kompyuta, na Desemba ikatolewa njia ya kuyatafuta. Waliokuwa na nafasi nzuri ya kuepuka hasara ni wale ambao hawakufanya lolote, na kwa mtu aliyepoteza kazi ya miezi sita hakuna agizo gumu kuliko hilo.

Iko programu ya bure iitwayo PhotoRec, ya Mfaransa Christophe Grenier, ambayo haiangalii orodha ya majina hata kidogo. Inapita juu ya diski kipande kwa kipande ikitafuta dalili: picha ya aina hii huanza na alama hizi, waraka wa aina ile huanza na zile. Inakusanya kila inachokitambua na kukirudisha. Lakini kinarudi bila jina, bila tarehe ya kuaminika, bila folda kilimozaliwa. Mtu anafungua na kukuta maelfu ya mafaili yenye herufi moja na rundo la tarakimu. Picha ya msiba wa babu imekaa jirani na tangazo la bia, barua ya kazi iko katikati ya vibonzo. Kila kitu kipo, hakuna kinachojulikana kilipo. Kwa siku kadhaa mwenye mafaili atakaa akifungua moja moja, na atakayoyapa majina yake tena ni yale tu anayoyakumbuka. Mashine imeokoa karatasi, kumbukumbu imebaki kazi ya mtu.

Na hapa Usukuma una la kusema, kwa kuwa hazina yake kubwa haikuwahi kukaa kwenye karatasi. Nyimbo za Wagika na Wagalu, vyama viwili hasimu vya ngoma vinavyosimuliwa kuwa vilianzishwa na Ngika na Gumha katika karne ya 19, zilihifadhiwa vifuani mwa waimbaji na kupita kutoka shamba hadi shamba, jembe likipanda na kushuka. Mtafiti wa muziki Frank Gunderson alipozikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma, kitabu chake cha mwaka 2010 kilikuwa na zaidi ya 300. Wimbo wa namna hiyo hauna nakala moja kuu inayotawala nyingine. Kila manju anao wake, ameuongezea kejeli ya jirani, amekata ubeti usiomfaa. Mtaalamu wa hifadhidata angeita hiyo vurugu. Lakini hakuna mtu mmoja awezaye kuamka asubuhi, akafuta wimbo kifuani mwake, ukafutika Lalago, Mwanhuzi na Magu kwa mpigo. Tofauti kati ya nakala ndizo zilizoulinda. Huo si ushahidi kwamba masimulizi hayapotei. Yanapotea, tena kimya, kila mzee anapozikwa na vijana wakiwa hawajui kibwagizo. Yanapotea kwa njia tofauti tu: bandu bandu, wala si kwa amri moja.

Ziko pia nakala zilizosafiri. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na mashine zake za kurekodia, na alichokusanya katika nchi nyingi za Afrika kikaishia kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Baadhi ya nyimbo alizorekodi Kenya mwaka huohuo wa 1950 zilirudishwa kwa Wakipsigis zaidi ya miaka 60 baadaye, na wazee wakasikiliza sauti za ujana wao. Karibu na Mwanza, pale Bujora, padri Mkanada David Clement alijenga makumbusho ya Wasukuma na kukusanya ngoma, viti na vifaa vya kitemi ambavyo vingeoza. Karatasi za Hans Cory, Mwaustria aliyeandika sheria na mila za Wasukuma, ziko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mjukuu wa mtemi anayetaka kujua babu yake aliamuaje kesi ya mahari huenda akalazimika kupanda basi hadi Mlimani, kilipo chuo hicho. Heri basi kuliko majivu, lakini ni nauli.

Nakala ikikaa mbali, swali la usalama wake huwa pia swali la nani ana ufunguo. Aprili 2011, wazee wa Kenya wakiwa mahakamani London kudai haki kwa mateso ya enzi za Mau Mau, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba katika jengo lake la Hanslope Park kulikuwa na shehena ya mafaili yaliyoondolewa makoloni wakati wa uhuru. Yalipohesabiwa yalikuwa karibu 8,800, kutoka makoloni 37, Tanganyika ikiwemo. Mengine yalikuwa yamechomwa moto kwa maagizo kabla bendera hazijashushwa. Yale yaliyobaki, yaliyofichwa na waliokuwa na kila sababu ya kuyaficha, yakawa ushahidi dhidi yao wenyewe, na Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya Wakenya 5,228. Kwa nusu karne nakala ilikuwepo, nzima na yenye majina yake. Kilichokosekana ni njia ya kuifikia kwa wale iliyowahusu.

Wingu nalo lina Hanslope Park yake ndogo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kusini mwa pwani yetu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mafaili ya watu hayakupotea hata moja. Yalikuwa salama salimini kwenye seva za ng'ambo, na mwenye nayo akiwa Maswa hakuweza kuyafungua. Kinyume chake, Septemba 2025 moto uliozuka kwenye kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon uliteketeza hifadhi ya mafaili ya watumishi wa umma yenye terabaiti 858, ambayo haikuwa na nakala popote nje ya jengo, kwa maelezo kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Mmoja ana nakala asiyoweza kuifikia, mwingine alikuwa na mlango wazi wa kuingia kwenye chumba kilichoungua.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh alitoa kanuni ambayo mafundi wa kompyuta huisema kwa tarakimu tatu: nakala 3, katika vyombo vya aina 2, 1 kati yake ikae mbali. Inatosha kwa shule, inatosha kwa AMCOS, inatosha kwa kwaya yenye albamu mbili. Pengo lake ni kwamba haisemi lolote kuhusu kujaribu. Nakala za GitLab zilikuwa zinahesabika vizuri sana kwenye karatasi.

Kuna kundi moja linalohitaji habari hii kuliko shule zote za Simiyu: wenye kaseti za zamani. Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa miongo kadhaa, ndiyo iliyorekodi bendi za nchi hii, kuanzia NUTA Jazz na Morogoro Jazz hadi Tabora Jazz, kwenye kanda za sumaku ambazo sasa ziko mikononi mwa shirika la utangazaji, TBC. Kanda ya sumaku haisubiri bajeti. Joto na unyevu vinaila hata ikiwa kabatini. Lakini enzi hizo watu walikuwa na tabia ya kukaa na redio-kaseti Jumapili na kubonyeza kitufe wimbo ukianza, na kaseti hizo ziko hadi leo majumbani, nyingine sauti ya mtangazaji imeingilia kati, nyingine mbwa anabweka. Ni nakala mbaya, na hazimtii mtu yeyote. Aliye nayo ndani ya sanduku asiirekodie kitu kingine. Aipeleke kwa kijana mwenye kompyuta, aihamishe, aandike jina la bendi na mwaka kama anaukumbuka, aweke nakala moja kwenye flashi isiyounganishwa na akaunti yoyote, na flashi hiyo ampe shangazi anayeishi wilaya nyingine. Kisha, siku akimtembelea, aombe aichomeke na kuufungua wimbo mmoja.